Mchujo wa Majagi

Usiku wa jana niliota nanunua vitumbua, vikaisha kabla sijafika, nikaamka. Ndoto hiyo haina faida kwa mtu yeyote na siisimulii. Ya kusimulia ni ya leo mchana, niliyoiota baada ya wali wa Ijumaa, nimejinyoosha kwenye mkeka ukumbini, feni inazunguka, na kifuani nimejilazia karatasi yenye maelezo ya majagi ya maji.

Kwanza nijieleze, maana ndoto isiyojulikana mwenyewe ni umbea tu. Mimi ni Mwantumu, fundi cherehani wa hapa Ngamiani, Tanga. Watoto wamekwenda kusoma mbali, nyumba imebaki na mimi na paka. Miezi miwili iliyopita Mama yangu, Bi Mwanaheri, alikuja kutoka Pangani kukaa nami, na daktari kamwagiza anywe glasi nane za maji kwa siku. Anakunywa mbili. Ya pili mpaka nimsimamie. Ya bomba, hata yakichemshwa, anasema yananuka dawa. Ya chupa anasema yana ladha ya ndoo mpya. Midomo inamkauka, kichwa kinamgonga, na begi lake amekwisha kulifunga. Jumapili anarudi Pangani, kwenye maji yanayoshuka kooni, ndivyo anavyosema mwenyewe. Kule anakaa peke yake. Nani atamsimamia ile glasi ya pili?

Zamani tulikuwa na mtungi. Alinipa yeye siku naolewa, ukakaa kona ya jikoni miaka ishirini na mitatu, unafukizwa ubani kila wiki, maji yake baridi na yenye harufu ya kutuliza moyo. Safari hii Mama alipoingia akakuta friji kwenye kona ile. Akauliza, "Mtungi uko wapi?" Nikajibu, "Paka kauvunja." Paka wetu anaitwa Bwana Afya, kwa sababu hakuna sufuria jikoni asiyoikagua. Mama akasema "Aa," ikawa basi. Kilichonishangaza ni kwamba hakumgombeza paka hata siku moja. Vichwa vyote vya samaki anampa yeye.

Juzi jirani akaniambia kuna majagi ya kuchujia maji. Unachemsha maji, unayaacha yapoe, unayamimina juu, yanapita kwenye mkaa uliomo ndani, yanatoka chini hayana harufu ya kitu. Dukani nikakuta ya aina tatu. Nimekwenda mara mbili kuyatazama na mara mbili nimerudi mikono mitupu, kwa woga wa kukosea. Leo ndiyo nikalala na karatasi kifuani, nikidhani nitaisoma mara ya mwisho kisha niamue.

Basi, naingia dukani. Duka ni lile lile, isipokuwa ni darasa letu la tatu B, na ubaoni kumeandikwa kwa chaki: MCHUJO LEO. Nikajisemea, vizuri sana, nimekuja kutafuta kichujio na hapa wanachuja. Furaha ikanipanda mpaka nikacheka peke yangu.

Nyuma ya meza ndefu yamekaa majagi matatu, kila moja na kiti chake. Mbele ya meza kuna kiti kimoja, kidogo, cha mtoto.

"Keti," likasema jagi la kwanza.

"Nimekuja kuchagua," nikasema.

"Wote husema hivyo. Keti."

Nikaketi, magoti yakanifika kidevuni. Mlango ukafunguka, akaingia Bwana Afya. Amevaa koti jeupe na tai, kabana faili kwapani, anatembea kwa miguu miwili bila haraka. Sijui ilikuwaje, nikajikuta namwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia, paka wangu mwenyewe, niliyemlea kwa dagaa. Akafungua faili. "Jina?"

"Si unanijua?"

"Jina."

"Mwantumu."

"Kazi?"

"Fundi cherehani."

"Maji umechemsha?"

"Nimechemsha," nikajibu kwa fahari, maana hilo nalifanya kila asubuhi.

Majagi yakatazamana. Bwana Afya akaandika taratibu huku akitamka kwa sauti. "A-me-che-msha. Kakiri mwenyewe."

"Nimechemsha maji!"

"Kwamba umechemsha tumekwisha kuandika. Umechemsha nini, hayo ni mambo yako ya nyumbani."

Chaki ikainuka yenyewe, ikaandika jina langu ubaoni, ikalipiga mstari mmoja. Jagi la pili likanitazama kwa huruma. Mimi nikacheka tena, nikaambiwa kicheko kitakatwa alama, nikacheka zaidi.

Jagi la kwanza likajitambulisha. Ni la plastiki, jepesi, lina mpini wa bluu, na linaongea mfululizo kama redio ya kinyozi. "Mimi, mama, sina matatizo. Kila mwezi nabadilisha roho. Unanunua roho mpya iliyofungwa, unaipachika, nakuwa kijana."

"Na roho ya zamani?"

"Unaitupa."

Kengele ya shule ikalia. Ukutani, ambako sikuona kitu mwanzo, pakatokea maandishi makubwa ya rangi ya mafuta: HAPA HATUTUPI. Jagi la kwanza likaona haya mpaka likatoka jasho kwa nje.

Jagi la pili likakohoa. Ni la chuma kitupu, refu, limenyooka. "Mimi nadumu maisha yote."

"Maisha yangu au yako?"

"Yako. Halafu ya wanao." Likanyoosha mkono, likachukua futi yangu ya kupimia nguo, likaanza kunipima toka utosini. "Hata siku ya hitima yako nitakuwepo. Nitagawa maji."

"Ahsante," nikasema. Ungesema nini?

"Usijali."

"Na kichujio chako kikichoka, nakipata wapi kingine?"

"Kinaagizwa nje. Kinakuja kwa meli. Wewe unasubiri."

"Nasubiri mpaka lini?"

"Nimekwisha kukwambia," likasema jagi la pili, likiandika urefu wangu. "Maisha yote."

Hapo nikatupa jicho kwa jagi la tatu. Jicho likatoka, likadunda sakafuni mara mbili, likabiringika chini ya meza. Kengele ikalia tena. Bwana Afya akainama, akalifuata kwa miguu minne, akalileta mdomoni namna anavyoleta panya, akalifuta kwa tai yake, akanikabidhi.

"Hapa hatutupi," akasema.

Nikaomba radhi. Nililirudisha kinyumenyume kwanza, na kwa muda mfupi nikaona ndani ya kichwa changu. Kumejaa vipande vya vitenge ninavyovitunza nikidhani vitafaa siku moja. Nikaligeuza.

Jagi la tatu ni la kioo. Lina tumbo pana na kifuniko cha mbao, na shingoni limevaa kikombe kidogo cha chuma chenye matundu. Halikuwa na maneno mengi. "Mimi najazwa," likasema. "Mkaa wangu ukichoka, unaumwaga kwenye mchicha, unajaza mwingine. Kikombe ni kile kile."

"Mungu akubariki, nakuchukua wewe!" Nikasimama, kiti kikasimama nami, kimenibana.

"Bado," likasema jagi la tatu. "Umetupa nini?"

"Chupa," nikasema haraka haraka, maana hilo lilikuwa jepesi. "Chupa za maji ya Mama. Nakiri."

Mlango ukafunguka. Inaingia chupa ya plastiki, imeoga, kifuniko kimekaa sawa. Inasimama mbele yangu, inainamisha shingo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Inaingia ya pili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, na zote zimelelewa vizuri. Hakuna iliyosahau kuamkia, nami salamu siwezi kuiacha ikining'inia hewani, mtu atasema nini. Nikaitikia zote. Darasa likajaa, nyingine zikasimama dirishani. Ya mwisho ilikuwa kitoto, haifiki nusu lita.

"Mama," ikauliza, "tunarudi nyumbani lini? Tumeambiwa tutakuwepo mpaka vitukuu vyako wazeeke. Wenzangu wamenituma niulize tutalala chumba gani."

"Mtalala... mtalala chumba cha cherehani," nikasema. Zikashangilia kwa kugonganisha vifuniko.

Jagi la tatu likangoja kelele ziishe. "Chupa tumezisikia. Umetupa nini tena?"

"Hakuna kingine."

Bwana Afya akafunga faili. Hakunitazama. "Mchujo," akasema.

Darasa likainama upande, nami nikamiminika. Nasema nikamiminika kwa sababu sina neno jingine. Nikapita mdomoni mwa jagi la kioo, nikaingia kwenye kikombe cha chuma, nikajikuta ofisini.

Ofisi yenyewe ni ya giza. Vipande vya mkaa vimekaa kwenye madawati, kila kimoja kimevaa miwani ya kusomea. Karani wa kwanza akaniinukia kwa adabu.

"Samahani kwa giza, dada. Sisi ndivyo tulivyo."

"Usijali."

"Mimi nilikuwa niende kupika maharage," akasema. "Gunia langu lote limekwenda. Nimeponea chupuchupu, nikapata kazi hii ya kukaa."

"Hongera sana."

"Ahsante. Harufu ya dawa, weka hapa. Ladha ya ndoo, weka pale. Una rangi?"

Kabla sijajibu, kanga yangu mpya nyekundu ikaanza kutoa rangi, rangi ikatiririka yenyewe mpaka kwenye droo, droo ikajifunga. Nikabaki na kanga nyeupe isiyo na hata jina.

"Jamani, nimechuja!"

"Ndiyo kazi ya humu," akasema karani, akanigongea muhuri mkononi.

Chini ya miguu yangu kuna tundu, na tunduni namwona Mama. Amekaa kwenye kile kiti cha mtoto, glasi tupu mkononi, begi la Pangani miguuni. Anatazama juu, anangoja. Midomo yake imepauka. Nikafurahi, nikasema sasa nashuka, Mama atakunywa, mambo yamekwisha. Nikashuka mpaka kiunoni, nikakwama.

Karani akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. "Una kitu mfukoni."

Akaingiza mkono mfukoni mwangu, akavuta, akaita wenzake waje kumsaidia kuvuta. Likatoka neno zima: *Paka kauvunja.* Maneno mawili tu, lakini ukubwa wake ni wa gunia la nazi. Likaziba tundu lote.

"Hili halipiti," akasema karani.

Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya maji, na maji hayana subira. "Dada, sogea! Wenzako tunashuka!" Na sauti ya ile chupa kitoto ikauliza kama mama amekufa.

"Jaribu kulipunguza," karani akanishauri.

Nikajaribu. "Paka kausukuma kidogo." Neno likavimba.

"Paka alipita karibu." Likavimba zaidi, likanibana mbavu.

"Mtungi wenyewe ulikuwa unavuja!" Likavimba mpaka madawati yakasogea. "Lakini hiyo ni kweli!" nikapiga kelele.

"Ni kweli," akakubali karani. "Ila siyo yenyewe."

Juu, kifuniko cha mbao kikafunguka, Bwana Afya akachungulia. Alikuwa amevua tai. "Mimi sina neno na wewe, mama," akasema kwa upole. "Nimekula kwako miaka sita. Ila wanangu wakipita mtaani wanaitwa ukoo wa wavunja mitungi."

Nikakosa pa kuuweka uso. Nikatazama chini. Mama ameiweka glasi sakafuni. Ameshika mpini wa begi. Anainuka.

Kicheko chote nilichokuwa nacho kikanikauka. Nikaogopa, nikaogopa kweli, kwa namna ambayo mtu haogopi akiwa macho.

"Niliutupa mimi!" nikasema. "Mama, usiondoke! Niliutupa mimi! Mkokoteni wa taka ulipita, nikautoa kwa mikono yangu. Nilitaka friji ikae pale. Na mteja mmoja wa gauni la harusi aliniuliza kama bado tunakunywa maji ya mtungi, nikaona haya. Ulipouliza nikaona haya mara ya pili, nikamsingizia paka."

Nikangoja kengele. Kengele haikulia. Lile neno likapunguka, likawa gunia la kunde, likawa nazi, likawa punje ya chumvi. Karani akaichukua kwa ncha ya kucha, akaitia kwenye droo yake, akavua miwani zote mbili. "Pita, dada. Umesafika."

Nikaanza kudondoka. Tone, tone, tone. Sijawahi kupata starehe ya namna ile. Kila tone langu lilikuwa linacheka kivyake. Chupa mia tatu na kumi na mbili zikapiga vifuniko, majagi yakasimama, la chuma likatangaza urefu wangu kwa wote, nikatua ndani ya glasi ya Mama, glasi ikajaa mpaka ukingoni. Maji yamenifika shingoni, na kwa mara ya kwanza maishani sina shida yoyote.

Mama akarudi kwenye kiti. Akainua glasi, akainusa. Uso wake ulinijaa machoni, mkubwa, na kila kunjo nalijua.

"Mwantumu."

"Abee, Mama."

"Toka kwenye maji, utashikwa na mafua. Mimi nina kiu."

Nikafungua macho.

Feni inazunguka. Karatasi ya majagi imeangukia shingoni. Mama amekaa mlangoni penye mwanga, ungo mapajani, anachambua mchele. Begi lake lipo pembeni yake, zipu imefungwa. Bwana Afya amelala chini ya cherehani, hana tai wala faili.

Nikakaa kitako. Nilijua nikivuta pumzi mara mbili nitaogopa tena, kwa hiyo nikavuta moja tu.

"Mama, mtungi hakuuvunja paka. Niliutupa mimi."

Mama akatoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka kando.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mtungi ukivunjika unaacha vigae. Jikoni kwako nimefagia mpaka nyuma ya friji, sikuona hata kimoja. Halafu wiki ile ile nikaenda sokoni, nikaukuta kwa yule mzee anayeuza miche. Kaupandia mchaichai. Umestawi, masha Allah. Nikausalimu mtungi wangu, nikarudi."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini na mtu mzima wewe? Nikangoja useme." Akapepeta ungo mara moja, akaacha. "Nikajisemea, huyu kautoa mtungi kwenye kona na kusema hawezi. Na mimi nimekaa kona hii nyingine. Afadhali nifunge begi mwenyewe kabla mkokoteni haujapita."

Alisema hivyo kwa utani, akacheka kidogo. Lakini mkono wake ulibaki umesimama juu ya mchele, na mimi ule mkono naujua.

Nikalia. Sikulia kistaarabu. Nikatambaa kwenye mkeka mpaka kwenye miguu yake, nikaishika yote miwili. "Sikutupi, Mama. Nikikutupa wewe, mimi nabaki na nini? Friji?"

"Inagandisha vizuri," akasema. Kisha akaniwekea mkono kichwani, ukiwa na vumbi la mchele, akauacha hapo muda mrefu. "Haya, basi. Usiyamalize machozi, nyumba hii ina shida ya maji. Kaoshe uso, twende dukani kabla hawajafunga. Lile la kioo, la kujazwa mkaa. Nitalifukiza ubani mimi mwenyewe, tuone kama maji hayatashuka."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nafua. Rudisha hilo begi kabatini, linanizuia kupita."

Nikalibeba begi. Lilikuwa jepesi, nguo tatu tu na kanzu ya kulalia, nikalikumbatia. Nimefika katikati ya ukumbi ndipo nikakumbuka kwamba Mama dukani hajawahi kufika, karatasi hajaisoma maana miwani yake iko Pangani, na habari za jagi la kioo sijamwambia mtu yeyote.

Nikageuka nimuulize. Mdomo nikaufungua, lakini ikatangulia chafya. Moja, ya pili, ya tatu, mpaka Bwana Afya akaamka.

Mama hakuinua hata macho kwenye mchele wake.

"Si nilikwambia utoke mapema kwenye yale maji?"